Lori Lililopotea TAZARA

"Baba, taa ni nyekundu. Mbona tunapita?"

Ilikuwa jana jioni, Mwenge, na mvua ya rasharasha. Trafiki ndani ya koti la mvua alikuwa akitupungia mkono tupite, huku taa zikibadilika rangi juu yake bila kusikilizwa na mtu. Nikamwambia binti yangu kwamba askari ana nguvu kuliko taa. Jibu ni sahihi, hata sheria inasema hivyo, lakini yeye hakuridhika. Nami nikarudi mwaka 2013, kwenye chumba chenye kiyoyozi ambamo nilitoka jasho.

Makutano ya TAZARA, Dar es Salaam, ya wakati ule mnayajua. Daraja la Mfugale lilikuja kufunguliwa 2018; kabla ya hapo malori ya bandarini kwenye barabara ya Mandela na magari ya uwanja wa ndege kwenye barabara ya Nyerere yalikutana usawa mmoja. Kazi yetu ilikuwa kuonyesha kwa kompyuta nini kingetokea kama mpangilio wa taa ungebadilishwa. Tulitumia SUMO, programu huria ya kuigiza mwendo wa magari, ya kituo cha anga cha Ujerumani, DLR. Ramani tuliichota OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, tukaiambia programu kwamba huku tunaendesha kushoto, kisha tukahakiki njia moja moja, kwa sababu ramani hiyo mara nyingi haisemi barabara ina njia ngapi wala wapi ni marufuku kukata kulia. Bodaboda walitushinda. Toleo la wakati ule lilijua gari moja tu kwa upana wa njia, kwa hiyo pikipiki zilijipanga nyuma ya malori kwa adabu, kama watoto wa shule mstarini.

Hesabu ya magari tuliifanya kwa kalamu: kijana mmoja kila upande, vipindi vya dakika 15, gari ndogo, daladala, lori na pikipiki kila moja kwenye safu yake. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipolala. Tulihesabu magari yanayovuka mstari. Makutano yakishajaa, anayehesabu wanaovuka anapima makutano yanameza magari mangapi. Wanaotaka kupita hawahesabu, wamesimama huko Buguruni. Ilitakiwa tupime na urefu wa foleni mwanzoni na mwishoni mwa kila kipindi, tuongeze tofauti kwenye hesabu. Hatukufanya.

Siku ya kuonyesha kazi, projekta ikawashwa. Magari yakaonekana ukutani kama pembetatu za njano. Malori ya makontena tulikuwa tumeyapaka nyekundu. Tuliweka na trafiki pia, na tulijivunia sana hilo. Tulikuwa tumepima kwa saa tukaona anaita upande mmoja dakika sita, wakati mwingine saba, kabla ya kugeukia mwingine. Watu humlaumu, lakini hesabu inamtetea kwa sehemu. Kila unapobadilisha upande unapoteza kama sekunde nne hadi magari yaanze kusogea. Pande nne ni sekunde 16. Kwenye mzunguko wa sekunde 90, hiyo ni karibu asilimia 18 ya muda. Kwenye mzunguko wa dakika 24 hata asilimia mbili haifiki. Hasara yake iko kwenye mkia: foleni ya waliozuiwa inarefuka mpaka inaziba makutano ya nyuma, na trafiki wa huko anaanza kulalamika kwenye simu ya upepo.

Foleni zetu za ukutani zilikuwa fupi. Tukafurahi, tukadhani modeli ni nzuri.

Mzee mmoja aliyekaa mbele, ambaye hakuwa amesema neno tangu chai, akanyanyuka. Akaenda hadi ukutani, kivuli chake kikafunika nusu ya Temeke, akaweka kidole kando ya lori jekundu lililokuwa limesimama upande wa bandarini.

"Kijana, acha iende."

Nikaacha iende. Saa ya programu ikahesabu. Lori halisogei, kidole hakisogei. Mtu akakohoa. Halafu lori halikuwepo. Halikugeuka wala halikuvuka. Pale lilipokuwa pamebaki lami ya kijivu, na gari la nyuma likasogea kujaza pengo.

"Limekwenda wapi?"

Nikasema, "Shikamoo mzee." Ndiyo, nilimwamkia, tena kwa mara ya pili siku hiyo, kwa kukosa la kusema.

Jibu nililipata usiku. SUMO ina mpangilio wake wa awali: gari likisimama zaidi ya sekunde 300 mfululizo, programu inaamini kuna hitilafu. Inaling'oa barabarani, inalipitisha hewani kufuata safari yake, na kulirudisha mbele penye nafasi. Onyo huandikwa kwenye kumbukumbu za programu, na sisi tulikuwa nayo mamia, hatukuyasoma. Waliotengeneza hawakukosea, dakika tano bila kusogea, kwao, ni ajali. Kwa trafiki wetu wa dakika saba, ni kusubiri zamu.

Nikaizima kanuni hiyo kwa kuandika -1 mahali pa 300. Magari yakafungana katikati ya makutano na hayakusogea hadi mwisho, kitu ambacho TAZARA haikuwahi kufanya hata siku ya mvua kubwa. Madereva wa kweli hupanda ukingo, hurudi nyuma, hutukanana, hupita. Mengine yakabaki nje ya ramani yakingoja pa kuingilia, na muda huo haumo kwenye muda wa safari usipoujumlisha mwenyewe.

Ripoti ilikwenda na sekunde 600 mahali pa 300. Hakuna aliyeuliza 600 imetoka wapi. Niliiandika mimi, na hadi leo nikisimama Mwenge karibu dakika kumi huwa natazama saa, nikisubiri kung'olewa.