Kifusi juu ya midomo ya migodi

Ninaishi Kakamega, karibu na Rosterman, ambako dhahabu ilichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1952, na kila msimu wa mvua huwaza juu ya mashimo yaliyoachwa wazi. Wengi hudhani kwamba shimo hujazwa kwa kumwaga kifusi chochote kilicho karibu. Sikubaliani nao kabisa.

Wachimbaji wa makaa ya mawe walijifunza hilo kwa uchungu. Huko Centralia, Marekani, mwaka 1962, takataka zilizomwagwa katika shimo la mgodi wa zamani zilishika moto, nao ukapenya hadi kwenye makaa yaliyo chini ya ardhi, ambako ungali unawaka. Kifusi cha makaa kina hatari nyingine: madini ya salfa yaliyomo, yakikutana na hewa na maji, huzalisha asidi inayochafua mito, na joto la mabadiliko hayo laweza kukiwasha kifusi chenyewe. Kwa hiyo maji huelekezwa kando kwanza, kifusi hushindiliwa tabaka kwa tabaka ili hewa isipite, kisha hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi na kupandwa nyasi.

Kwetu hakuna makaa, lakini mchanga wa wachimbaji wadogo huwa na zebaki, metali yenye sumu wanayoitumia kunasa dhahabu. Naomba usimwagwe kamwe katika mashimo yanayofika kwenye maji ya visima vyetu; yajazwe mawe safi, yashindiliwe, na hadi siku hiyo yazungushiwe ua imara, maana watoto hupita hapo wakienda shuleni.