Jinsi nilivyozimudu sheria za kuvua trauti, leseni na makorokoro yake yote

Nianze na hili manake ndo lilinichanganya kichwa kuliko yote: leseni ya kuvua sio ruhusa ya kuvua. Najua inasikika kama utani ila ndo ilivyo. Leseni inasema serikali haina shida na wewe kushika fimbo na ndoano, basi. Haisemi kama mto ulio mbele yako una haki ya kuingia, haisemi kama leo msimu uko wazi, haisemi kama hicho chambo ulichobeba kinakubalika, wala haisemi samaki ukimtoa unaondoka naye au unamrudisha. Kila moja ya hayo lina mwenyewe na lina karatasi yake, na mi nilipoanza kupenda trauti, yule samaki wa maji baridi, nilitaka nijue nani ana sauti juu ya nini kabla sijalowesha mshipi.

Nilichofanya ni kugeuza utaratibu. Wengi wananunua leseni kwanza alafu ndo wanatafuta pa kwenda, mi naanza na maji. Nachagua kipande cha mto, nasema kipande sio mto mzima, tuseme kutoka daraja fulani mpaka maporomoko fulani, alafu nafungua kitabu cha kanuni cha mamlaka ya pale (siku hizi kiko mtandaoni, pakua kabisa kwenye simu manake huko kwenye trauti mtandao ni wa kubahatisha) natafuta jina la ule mto. Vitabu vingi vimepangwa namna moja, mbele kanuni za jumla, nyuma kanuni za mto mmoja mmoja, na pale zinapogongana ya nyuma ndo inashika. Mbele wanakwambia unaruhusiwa samaki kadhaa kwa siku, ukienda nyuma kwenye mto wako unakuta kuanzia daraja kwenda juu ni kurudisha wote. Mtu akisoma kurasa za mbele akafunga kitabu anaenda mtoni kifua mbele na hajui chochote.

Sa twende kwenye nani anatawala maji, hapa ndo pana vituko. Chukua Yellowstone kule Marekani. Ile hifadhi imo ndani ya majimbo ya Wyoming, Montana na Idaho, ungedhani leseni ya jimbo lolote kati ya hayo inatosha. Haitoshi. Ukivuka mpaka wa hifadhi leseni ya jimbo haina kazi, unatakiwa kibali cha hifadhi yenyewe kama una miaka 16 na kuendelea. New Zealand nao leseni moja ya Fish & Game, ambao ndo wanasimamia uvuvi huo, inakufungulia karibu nchi nzima, ila ukifika eneo la Taupō, ambako trauti wamejaa na kila mgeni anataka kwenda, ile leseni inakoma, unatakiwa leseni tofauti kabisa kwa sababu pale wanasimamia idara ya uhifadhi. Na ukija Uingereza ndo kichekesho kabisa, ndani ya England mtu wa miaka 13 kwenda juu lazima awe na leseni ya fimbo, ukikamatwa huna faini inaweza kufika pauni 2,500, alafu unavuka tu kwenda Scotland unakuta hakuna leseni ya fimbo ya kuvua trauti kahawia, wao wanataka tu ruhusa ya mwenye haki ya uvuvi wa pale. Kisiwa kimoja, samaki yuleyule.

Kwa iyo swali langu la kwanza kwa maji yoyote ni "mpaka wa mamlaka unapita wapi", sio "leseni inauzwa wapi". Pia nimejifunza kuuliza kama kuna nyongeza juu ya leseni. Wisconsin mfano wana leseni ya kawaida ya uvuvi alafu kwa trauti unaongeza stempu yake, Pennsylvania nao wana kibali cha trauti juu ya leseni. Ukiwa na leseni bila hiyo nyongeza na ndoano yako inatafuta trauti, mbele ya mkaguzi umepungukiwa vilevile.

Alafu kuna ukingo. Hili la ukingo watu wanalidharau sana na ndo linaloleta ugomvi wa kweli, manake mkaguzi wa serikali unaweza usimwone mwaka mzima ila mwenye shamba yupo kila siku na mbwa wake. Sehemu nyingi haki ya kuvua ni mali kama mali nyingine, inauzwa, inakodishwa, inarithiwa, na mara nyingi imeshikwa na klabu. Mi njia yangu ni kutafuta klabu kwanza. Naandika ujumbe mfupi wa heshima, nasema mimi ni nani, nataka siku gani, navua kwa flai (chambo bandia kinachofanana na mdudu), naomba kibali cha siku. Majibu yanakuja, na mara nyingi na ramani yenye mstari wa rangi unaoonyesha mwanzo na mwisho wa maji yao, ile ramani ni dhahabu, ichapishe au piga picha. Katika klabu moja mzee aliyenipa kibali aliniambia "kijana, ukifika kwenye ule uzio wa mbao usivuke hata kama samaki anaruka upande wa pili, ng'ambo ile sio yetu", na kweli nilipofika ule uzio samaki wakawa wanaruka upande wa pili tu kama wamesikia.

Hata suala la kusimama ndani ya maji lina sheria zake. Montana wana sheria ya mwaka 1985 inayompa kila mtu haki ya kutumia mto na kingo zake mpaka pale maji yanapofika kwa kawaida yakijaa, hata kama pande zote mbili ni shamba la mtu, ilimradi umeingilia sehemu halali sio kukatiza shambani kwake. Colorado ukikanyaga chini ya mto unaopita kwenye ardhi binafsi unaweza kuhesabika umevamia, hata kama umefika pale kwa boti na maji yanayotembea juu sio ya mtu. Mi nikishindwa kuelewa sheria ya sehemu nauliza kwa maandishi, jibu nalibeba.

Msimu nao. Nilipoelewa kwa nini unafungwa nikaacha kuukariri. Trauti kahawia anataga vuli kuelekea baridi, anachimba kishimo kwenye kokoto, anafukia mayai, na yale mayai yanakaa mle kokotoni majira yote ya baridi. Ukipita na mabuti yako unayaponda bila hata kuona. Ndo manake Scotland trauti kahawia anafungwa kuanzia tarehe 7 Oktoba mpaka 14 Machi. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye ni aina nyingine, kwa kawaida anataga kuelekea masika, kwa iyo tarehe zake zinaweza kuwa tofauti hata kwenye mto mmoja, na kwenye mabwawa ya kupandikizwa ambako hazaliani sehemu nyingine hawafungi kabisa. Ukijua samaki gani anataga lini, ukisoma tarehe unaona mantiki yake, na ukikuta kijito kidogo kimefungwa wakati mto mkubwa uko wazi hushangai, kule ndo wanakopanda kwenda kutaga.

Ila kuna kufungwa kwingine ambako hakupo kwenye kitabu, nako ni kwa ghafla. Trauti ni samaki wa maji baridi, maji yakipata joto hewa ndani yake inapungua na samaki akipambana na mshipi anaweza kufa hata ukimwachia vizuri akaondoka akiogelea. Montana maji yakifika nyuzi 73 za Farenhaiti, yani kama 23 za Selsiasi, siku tatu mfululizo, wanaweza kufunga uvuvi kuanzia saa nane mchana mpaka saa sita usiku. Kwa iyo asubuhi uko halali, saa nane na dakika moja uko kinyume cha sheria na fimbo ileile na leseni ileile. Mi usiku wa kabla ya kwenda naangalia ukurasa wa matangazo wa mamlaka, sio kitabu, ukurasa wa matangazo, na nabeba kipimajoto kidogo nimekifunga kwa kamba kwenye mfuko. Maji yakipanda sana natoka hata kama hawajafunga, hilo ni langu mwenyewe sio sheria.

Vifaa sitakaa sana. Soma tu kama ni flai peke yake au chambo kinaruhusiwa, na angalia idadi ya fimbo, England kwa mfano kwenye mto ukivua trauti ni fimbo moja, kwenye ziwa na bwawa ndo mbili, tena kama wenye bwawa wamekubali. Cha kuangalia sana ni ndoano. Sehemu nyingi za trauti zinataka ndoano isiyo na kile kijino cha nyuma kinachozuia isichomoke, Yellowstone ni lazima. Huna haja ya kununua mpya, chukua koleo ndogo ya mdomo mwembamba, shika kijino, minya mpaka kilale. Alafu jaribu: choma ndoano kwenye kitambaa cha pamba na uivute kurudi. Ikitoka laini bila kuvuta uzi wa kitambaa iko sawa, ikishika hata kidogo minya tena. Najaribu kila flai nyumbani kabla haijaingia kwenye kiboksi, manake mtoni na vidole vimekufa ganzi hutafanya, utajiambia "hii itakuwa ilishaminywa".

Na chambo hai, wale samaki wadogo, mi sibebi popote. Sehemu nyingi wamekataza kuwatoa maji haya kwenda yale na wana sababu, magonjwa na viumbe wageni vinasafiri hivohivo. New Zealand walikuta mwani wa didimo mtoni mwaka 2004, mwaka 2008 wakapiga marufuku mabuti yenye soli za felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) kwa sababu felti inakaa na unyevu muda mrefu. Mi niliachana na felti kabisa nikaenda soli ya mpira, ni telezi zaidi sikatai, ila sihitaji kukumbuka wapi imeruhusiwa wapi haijaruhusiwa. Mabuti yanasuguliwa, yanaoshwa, yanakauka mpaka ndani kabla ya kwenda maji mengine.

Haya, samaki mwenyewe. Umemleta kwenye kiwavu, mikono umeilowesha (mkono mkavu unamtoa ute), sa unahitaji kujua vitu viwili haraka: ni nani, na ana urefu gani. Urefu una mtego. England wanapima kuanzia ncha ya mdomo mpaka pale mkia unapogawanyika. Majimbo mengi ya Marekani wanapima mpaka ncha ya mkia ukiwa umeubana. Samaki mmoja, vipimo viwili, na akiwa karibu na mpaka anaweza kuwa halali huku na haramu kule. Mi nimechora alama kwenye mpini wa kiwavu kwa wino usiofutika, nikimlaza pembeni ya mpini namwona bila kumtoa majini.

Ni nani nalo sio dogo. Kaskazini magharibi mwa Marekani kuna buli trauti ambaye analindwa na sheria ya serikali kuu, na kuna bruki trauti ambaye kule ni mgeni na wengi wanaruhusiwa kumchukua. Wanafanana hasa wakiwa wadogo. Tofauti iko kwenye pezi la mgongoni: la bruki lina michirizi na madoa meusi, la buli halina weusi wowote. Hakuna weusi, rudisha. Mi nikiwa na shaka narudisha tu. Ila angalia kichekesho kingine, Yellowstone popote ulipo trauti wa asili lazima arudishwe majini mzima, lakini kwenye ziwa la Yellowstone ukivua leki trauti hauruhusiwi kumrudisha akiwa hai, lazima umuue, kwa sababu aliletwa kinyemela, aligundulika mle mwaka 1994 na anawamaliza wale wa asili wenye alama nyekundu chini ya taya. Kwa iyo ile tabia nzuri ya "mi narudisha wote" kwenye maji yale ni kosa.

Ukichukua samaki, hesabu ya siku ni moja na hesabu ya kumiliki, yani samaki wote ulio nao kwa jumla, ni nyingine, na sehemu nyingine ile ya kumiliki inahesabu hata waliopo kwenye friza nyumbani. Usikate kichwa wala kuchuna ngozi ukiwa bado mtoni, wengi wanataka aweze kutambulika na kupimika mpaka ufike. Na kuuza sahau, New Zealand trauti haruhusiwi kuuzwa kabisa.

Wakaguzi wenyewe mi sina shida nao. Aliyenisimamisha alisalimia, akaomba leseni, akaomba kibali cha klabu, akataka kuona flai iliyo kwenye mshipi, akaichoma kwenye mkono wa sweta yake na kuivuta, ikatoka, akauliza samaki wapi nikamwambia wote wamerudi, akanitakia siku njema akashuka na mto. Leseni naweka kwenye simu na ya karatasi nimeivalisha plastiki, simu inaingia maji.

Mwisho angalia inaisha lini. England inahesabu siku 365 tangu ilipoanza, New Zealand ya msimu mzima inaisha tarehe 30 Septemba hata kama umeinunua Agosti, majimbo kadhaa ya Marekani yanakata Desemba. Mi nimeweka kengele kwenye kalenda ya simu wiki mbili kabla, na siku hiyohiyo ndo napakua kitabu kipya cha kanuni na kufuta cha zamani.