Siku moja maishani mwangu: wazo la kliniki ya usiku

Saa 12:30 asubuhi
Natoka Shangani jua likiwa bado pole. Kliniki yetu ya meno ipo Chikongola, hapa Mtwara mjini: kiti kimoja, chumba cha kuchemshia vifaa na benchi la wagonjwa. Nikifika, nesi ameshawasha otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Nyuzi joto 121, robo saa au zaidi, ndipo koleo lirudi kwenye trei. Hapo hakuna mjadala.

Saa 1:30
Kikao cha dakika kumi, wote tumesimama, maana tukikaa tu hadithi zinaanza. Tuna daftari la mawazo na sharti lake moja: wazo haliandikwi bila jina la mtu na tarehe.

Leo dada wa mapokezi ana lake. Tupo Shaabani, Ramadhani ikiingia, anasema, tufungue usiku. Mwezi ule benchi huwa tupu, kisha Idi ikipita watu wanakuja mashavu yamevimba. Kweli kabisa. Aliyefunga anaogopa kumeza maji ya mashine au damu, na dawa ya maumivu hawezi kunywa mpaka magharibi. Basi anabana karafuu kwenye jino na kungoja mwezi uandame.

"Na nani atakesha hapa, dokta?" nesi akauliza. Mimi nalipenda swali hilo kuliko wazo lenyewe.

Saa 3 hadi saa 6
Mzee wa Mikindani, gego la chini. Nimemng'oa, nimempa pamba aiume nusu saa, nikamwambia asisukutue mdomo mpaka kesho. Kisha nikamuuliza: kama ingekuwa usiku, ungekuja? "Mwanangu, kuja nitakuja. Kurudi Mikindani usiku, bodaboda nani atalipa?" Nikaandika.

Akafuata mama na mtoto mchanga anayeharisha, ana homa. Jirani kamwambia ni meno ya plastiki, yang'olewe. Nimemwonyesha ufizi: kilichovimba ni chonge changa linalojiandaa kutoka. Ukilichokonoa unamwachia mtoto kidonda na maambukizi yanayoweza kumuua, na jino la ukubwani huenda likaharibika. Nimemwandikia karatasi aende hospitali ya Ligula mtoto atibiwe homa na kuharisha. Natamani tukaongee na kina mama kwenye kliniki za watoto, ila hakuna aliyejitokeza kulishika wazo hilo. Daftarini halijaingia.

Saa 7 mchana
Wali na samaki, na hesabu ya ganzi. Ukichoma taya la chini, mdomo unaweza kukaa umekufa saa tatu, nne, hata tano. Mtu akila huku hajisikii, anajing'ata ulimi. Kwa hiyo lazima awe ameshafuturu na kushiba kabla hajakaa kwenye kiti, na ganzi imtoke kabla ya daku. Tukianza saa 3 baada ya tarawehe, wa kung'olewa wakaingia kwanza, wa mwisho wao akachomwa saa 4:30, basi hata kwa saa tano ganzi inamwacha saa 9:30. Daku anakula vizuri, na dawa ya maumivu anakunywa hapo hapo. Baada ya hapo mpaka saa 6 ni kusafisha meno tu, hakuna sindano. Saa za kufungua zimepangwa na ganzi. Mimi binafsi ningependa kulala mapema.

Saa 9
Fundi wa jenereta kaja. Kompresa, pampu ya hewa inayoendesha mashine ya meno, ikizimika katikati ya kuziba jino ni balaa, na usiku hakuna duka la kukimbilia spea. Kataja bei ya huduma, tumevutana, tumeelewana.

Saa 11 jioni
Kikao cha pili, mlango umefungwa. Tunajaribu usiku mmoja Alhamisi hii, kabla ya mwezi kuandama, kwa miadi tu. Mapokezi: kupiga simu kwa waliokatisha matibabu ya mzizi wa jino, na kutafuta bajaji mmoja anayeaminika wa kurudisha wagonjwa wa mbali. Nesi: seti za vifaa zichemshwe mchana, usiku zifunguliwe tu. Mimi: mafuta, mlinzi na posho.

Posho ndiyo iliyotuchelewesha. Nesi anataka alipwe usiku uleule, si mwisho wa mwezi, na bajaji wa kumrudisha nyumbani awe juu yangu. Nimekubali yote mawili. Mafuta ya Alhamisi yakizidi nilivyokadiria, Ramadhani tutafunga saa 5.