Nilivyojifunza Mitambo ya Sauti kwa Betri ya Tochi

Nilikabidhiwa mitambo ya kikundi chetu cha taarab hapa Ngamiani, Tanga, baada ya fundi mitambo wetu kuhamia Dar es Salaam, na wakati huo sikujua lolote zaidi ya kuwasha na kuzima. Tulikuwa na vipaza sauti vinne, mikisa ndogo ya kuchanganyia sauti, amplifaya moja na spika mbili kubwa. Kilichonisumbua ni gitaa la besi: aliyeketi karibu na spika yoyote alilisikia vizuri, lakini waliokaa katikati ya ukumbi walilisikia limefifia, ilhali sauti ya mwimbaji iliwafikia bila taabu. Kwa watu wa Tanga, ambao vikundi vya Black Star na Lucky Star viliwazoesha besi ndani ya taarab, kasoro hiyo si ndogo.

Kila nilipoongeza besi kwenye mikisa, spika zilinguruma tu. Baada ya harusi ya tatu nilikwenda kwa mzee mmoja fundi redio, nikamwamkia na kumweleza shida yangu.

"Mwanangu," aliniuliza, "sauti inapita wapi tangu mdomoni mpaka itokee kwenye spika?"

Sikuwa na jibu, naye akanifundisha njia hiyo jioni nzima. Ndani ya kipaza sauti cha kawaida mna utando mwembamba ulioshikamana na koili ya waya. Sauti inapoutikisa, koili hucheza kando ya sumaku na kuzalisha umeme mdogo mno. Mikisa huukuza umeme huo, amplifaya huupa nguvu, na spika hufanya kazi ile ile kinyumenyume, kwani umeme huitikisa koili, koili huisukuma karatasi ya spika, na karatasi huisukuma hewa. Naamini anayeanza angefundishwa njia hii kabla ya kuonyeshwa kitufe hata kimoja, kwa sababu mimi nilipoteza miezi nikizungusha vitufe.

Kisha mzee alichukua betri ya tochi ya volti 1.5 na spika kuukuu iliyokuwa mezani, akagusisha nyaya zake kwenye ncha za betri kwa nukta moja. Karatasi ikaruka mbele, tap! Akageuza nyaya, nayo ikarudi nyuma. Akaniambia niweke kiganja juu yake, nikausikia msukumo ule ukija na kuondoka.

Hapo nilielewa mkasa wa ukumbini. Spika moja ikisukuma hewa wakati nyingine inaivuta, aliyesimama katikati hupata mawili yanayofutana. Besi ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa wimbi la herzi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, hivyo mtu husogea hatua kadhaa na bado yumo ndani ya ufutano huo. Wimbi la herzi 10,000 halifiki hata sentimita 4, na kugeuza kichwa tu kunatosha kulibadilisha.

Nyumbani nilichomoa nyaya zote kwenye amplifaya na kupima spika zetu kwa betri. Ya kulia iliruka mbele, ya kushoto ikarudi nyuma. Nilifungua plagi ya kushoto nikakuta waya mwekundu na mweusi vimebadilishana mahali. Mzee aliniazima pasi ya kulehemu. Mara ya kwanza risasi iliganda ikawa donge lisiloshika, mpaka alipokuja mwenyewe kunionyesha kwamba waya ndio hupashwa moto kwanza, kisha risasi huyeyukia juu yake.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Mlio mkali wa spika uliisha nilipozisogeza mbele ya waimbaji, ili vipaza sauti visimeze tena kile kinachotoka humo.

Katika harusi iliyofuata, Chumbageni, nilifika mapema, nikamwomba mpiga besi apige uzi mmoja mzito huku nimesimama katikati ya viti vitupu. Niliusikia mpaka kifuani. Tangu siku hiyo nyaya zote za chanya zimefungwa utepe mwekundu, na betri ya tochi haitoki katika mkoba wa vifaa vyangu.