Siku moja na tovuti yangu ya kuku

Saa 11 alfajiri. Grupu la WhatsApp lina ujumbe 140 tangu jana usiku, nusu yake ni picha za maua za "asubuhi njema". Wa maana ni mmoja. Mama mmoja wa Dumila katuma picha ya tetea aliyepinda shingo, kichwa kimegeukia mgongoni utadhani anatafuta kitu angani. "Mwanangu, wengine watatu wanahara kijani. Niwape nini?"

Shikamoo mama, huo unafanana na mdondo, na mdondo hauna dawa. Tenga wagonjwa, usiuze hata mmoja, mwite daktari wa mifugo.

Saa 2. Chai, mihogo, kompyuta mapajani. Naihariri makala yangu ya mdondo kwenye tovuti. Mwaka wa kwanza niliipa kichwa "Ugonjwa wa Newcastle", nikajiona msomi, nikasubiri wasomaji hadi nikachoka. Mfugaji haandiki hivyo Google. Anaandika "kuku kupinda shingo". Nilipobadili kichwa tu, ikawa ndiyo inayosomwa kuliko zote. Leo naongeza aya ya chanjo ya I-2: tone moja jichoni, kwa kuku mzima tu, na irudiwe kila baada ya miezi mitatu.

Saa 5. Tapeli. Kaweka picha yangu kwenye namba yake, anawafuata wanachama pembeni: vifaranga chotara kwa nusu bei, tanguliza nauli. Mmoja keshatuma elfu sitini. Nimemtoa tapeli kwenye grupu, kisha nikarekodi onyo kwa sauti, maana picha yangu mtu yeyote anaibandika, sauti yangu wanaijua. Saa nzima imekwenda hapo na hakuna anayeilipia.

Saa 8. Hesabu. AdSense, yaani matangazo ya Google kwenye tovuti, hawatumi hela mpaka zifike dola 100. Mara ya kwanza nilisubiri miezi saba. Kinacholisha nyumba ni matangazo ya wauza mashine za kutotolesha, pamoja na grupu la pili, la kulipia, 3,000 kwa mwezi. Leo kapiga muuzaji wa dawa ya unga. Anataka niandike kwamba inatibu mdondo, atanipa laki tatu. Nikamkatalia, na sitajifanya haikuniuma: kodi ya nyumba ni Ijumaa.

Saa 2 usiku. Daktari wetu anajibu maswali kwenye grupu la kulipia. Nusu ya makusanyo ni yake. Umeme umekatika, tunaendelea kwa bando. Kaka mmoja analalamika: mayai 30, yametotolewa 11 tu. Daktari kamuuliza aliacha kuyageuza lini. Siku ya 20, anasema, alitaka kuwa na uhakika. Kumbe ukifika siku ya 18 unayaacha yatulie, kifaranga ajipange kutoka. Kimya kidogo, halafu emoji ya kujishika kichwa.

Saa 4. Meseji za M-Pesa zinaingia: 3,000, 3,000, mmoja katuma 2,500 na kuomba radhi. Nataka kuzima simu, mama wa Dumila huyo tena. Tetea kafa, na wale watatu. Ila majirani watano, ambao kuku wao bado wazima, wanataka chanjo, na chupa moja inatosha mamia ya kuku. Wao hata mia moja hawafikishi.

"Tukichanga inafaa, mwanangu?"

Inafaa sana, mama. Nimewafungulia grupu lao, watu sita. Wa kwanza kuandika kaweka picha ya maua.