Mguu wa Babu na Mtakatifu Kamili

Baridi ya Iringa mwezi wa saba haina utani. Jumatano ile, Julai 14, 1999, sikwenda shule. Nilipewa kazi ya kumsindikiza Babu kwenye misa ya wagonjwa, sikukuu ya Mtakatifu Kamili wa Lellis.

Babu alikuwa na kidonda ndugu juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Kilinizidi umri. Kila asubuhi Bibi alikiosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, akakifunga kipande cha kanga kuukuu, lakini ikifika saa nne usaha umeshapenya na nzi wameshajua njia. Kanisani Babu alikaa benchi la mwisho, mlangoni, kwenye upepo.

Katekista akataka wagonjwa wote wahamie mbele. Babu akagoma.

"Niache hapa hapa, mwalimu. Wale wana presha na malaria. Mimi nanuka."

Baba Paroko, mzee wa Kiitaliano aliyekwisha kuwa Mhehe kwa lafudhi, akahubiri habari za Kamili. Alikuwa askari, mcheza kamari, huko Napoli alicheza mpaka shati la mwilini likaenda. Mguuni alikuwa na kidonda. Watawa Wakapuchini walimpokea, kisha wakamwondoa kwa sababu ya kidonda hichohicho. Huko Roma aliingia hospitali ya San Giacomo kutibiwa, akaishia kuwauguza wengine, na alipofariki mwaka 1614 mguu ulikuwa bado haujapona.

Babu aliniinamia sikioni. "Kamili gani huyo, na mguu haujakamilika?" Akacheka peke yake, mabega yakitikisika. Mimi niliona aibu tu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Ulipofika wakati wa wagonjwa kupakwa mafuta matakatifu alinishika bega, tukaanza kutembea katikati ya mabenchi. Mama mmoja alivuta kanga mpaka puani, kisha akaishusha taratibu. Padre alimpaka Babu kwenye paji la uso na viganjani, akataka kupita kwa mwingine. Babu akapandisha suruali.

"Na hapa, Baba."

Padre alisita. Kisha akapiga goti moja, kwa shida, maana naye magoti yalimsumbua, akampaka juu kidogo ya kitambaa.

Jioni Bibi alipoleta beseni aliona ngozi inang'aa. Akauliza kwa ukali nani kampaka mzee mafuta kabla ya kuoshwa.