Mita 210 nilizoziacha Kilimanjaro, na nilivyozirudia

Kutoka Gilman's Point, ukingoni mwa kreta ya Kilimanjaro, hadi Kilele cha Uhuru ni mita 210 tu kwenda juu: 5,685 kwa 5,895. Anayeishia Gilman's hupewa cheti chake, na wengi wanaridhika. Mimi sikuridhika. Nilirudi Dodoma na zile mita zikaendelea kunisumbua hata nikiwa kazini.

Hamu ya namna hiyo haipoi kwa kuapa kwamba utarudi. Inapata mwelekeo ukishajua ni kitu gani hasa kilichokurudisha. Kwangu miguu ilikuwa mizima. Kichwa kiliuma, tumbo likakataa chakula, nikaanza kupepesuka, na muongozaji akanigeuza. Alifanya sawa kabisa. Ratiba ilikuwa ya siku 5 kwa njia ya Marangu, kupitia vibanda vya kulala: Mandara (mita 2,720), Horombo (3,720), Kibo (4,720), kisha kilele usiku uleule. Dodoma iko kwenye mita 1,100 hivi, na kule juu kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Mwili unahitaji muda wa kuzoea, na muda huo haupatikani kwa mazoezi ya nyumbani.

Hans Meyer, Mjerumani aliyeupanda mlima huu zamani, alishindwa mwaka 1887. Aliporudi 1889 na Ludwig Purtscheller, tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakateremka. Walipumzika, wakasogea kulala juu zaidi, pangoni, na tarehe 6 wakafika kileleni. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo safari ya pili nililipia siku 6, usiku mbili zikiwa Horombo. Siku ya katikati unapanda hadi Miamba ya Pundamilia, kwenye mita 4,000 hivi, halafu unarudi kulala chini. Ada za hifadhi zinaongezeka, posho za wapagazi pia, lakini kama una hela ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza siku hiyo. Koti jipya lisubiri. Daktari aliniandikia Diamox, dawa ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inakojoza, hivyo kunywa maji zaidi. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari mapema.

Miguu niliiandaa kwenye vilima vya mawe vinavyouzunguka mji, saa 11 alfajiri kabla jua halijawa kali. Beba lita 8 za maji mgongoni, ambazo ni kilo 8, ukifika juu mwagia mti wowote, ushuke mwepesi: mapaja yanapata kazi na magoti yanapona. Kisha nenda Mlima Hanang, mita 3,417, kwa barabara ya Kondoa na Babati hadi Katesh. Ule mgongo wa juu unapanda na kushuka, na unaweza kudhani umefika kumbe bado. Beba lita 4 kila mtu, usitegemee kupata maji njiani.

Sasa hatari yenyewe: aliyewahi kurudishwa ana tamaa ya kuficha dalili. Nilikubaliana na muongozaji tukiwa bado Horombo, akili ikiwa timamu. Kichwa kisichotulia kwa dawa na maji, kutapika mara kwa mara, au kushindwa kutembea mstari ulionyooka kisigino kikigusa kidole: tunashuka, bila mjadala. Saa 2 asubuhi bila kufika Gilman's: tunashuka pia.

Tuliondoka Kibo saa 6 usiku. Mrija wa mfuko wa maji huganda, kwa hiyo tumia chupa ya mdomo mpana, uiweke kichwa chini, maana barafu huanzia juu. Betri za tochi zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Gilman's watu hukaa chini wakapoa, na kuinuka inakuwa shida. Kunywa chai ya moto, tafuna kitu kitamu, ondokeni ndani ya dakika 10. Kutoka hapo njia inafuata ukingo wa kreta, inapita Stella Point, na kwa mwendo wa pole pole ni saa moja na nusu hadi mbili. Nilifika Uhuru kichwa kikiuma kidogo tu, nikiongea vizuri.

Siku hiyohiyo unateremka hadi Horombo, zaidi ya mita 2,100. Refusha fimbo za kutembelea sentimita 5 hadi 10, kaza kamba za buti kwenye kifundo, na uwe umekata kucha za miguu kabla ya safari. Zikiwa ndefu zinagonga ncha ya buti njia nzima hadi zinakuwa nyeusi.